Kabla Hujalinganisha Madeni ya Nchi Mbili

Luxembourg ni nchi ya watu wasiofika 700,000. Kwa sensa ya 2022, Manispaa ya Kinondoni peke yake ina watu wengi zaidi. Lakini ukifungua jedwali la madeni ya nje ya dunia utaikuta Luxembourg ikidaiwa matrilioni ya dola, kuzidi nchi zote za Afrika kwa ujumla wake, ambazo mwishoni mwa 2023 zilidaiwa takribani dola trilioni 1.1. Juu kabisa ya jedwali hilo iko Marekani, ikifuatiwa na Uingereza. Hata hivyo hakuna kikao cha wadai kilichoitishwa kuijadili Luxembourg. Mashirika yanayopima uwezo wa nchi kulipa yanaipa daraja la juu kuliko yote, na deni la serikali yake, likipimwa kwa pato la taifa, ni miongoni mwa madogo barani Ulaya.

Namba hiyo si ya uongo. Wanaodaiwa ni mabenki na kampuni za fedha zilizoweka makao huko. Mjerumani akiweka akiba yake katika benki ya Luxembourg, benki hiyo inadaiwa na mtu wa nje, na deni linaandikwa. Kampuni ya Kimarekani ikiikopesha kampuni tanzu yake iliyosajiliwa huko, nalo linaandikwa. Upande wa pili wa daftari kuna mali kubwa inayoelekea kulingana na madeni hayo, ila jedwali haliionyeshi, kwa kuwa linapima deni ghafi, yaani deni kabla ya kuondoa kile ambacho nchi yenyewe inawadai wengine.

Kila takwimu ya deni la nje imekusanywa kujibu swali fulani, na mabishano mengi kuhusu madeni, bungeni na hata vijiweni, huzuka pale majibu ya maswali mawili tofauti yanapowekwa kwenye mizani moja. Mwongozo huu unayapitia maswali hayo kwa mpangilio ambao mwandishi wa habari, mwanafunzi wa uchumi, mbunge au mwananchi yeyote anaweza kuufuata akiwa na jedwali mbele yake.

Anza na ukazi

Mashirika makubwa ya fedha na takwimu, yakiwemo Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), Benki ya Dunia, Benki ya Malipo ya Kimataifa (BIS), UNCTAD, Sekretarieti ya Jumuiya ya Madola na Klabu ya Paris, yalikubaliana mwongozo mmoja wa takwimu hizi mwaka 2003, kisha yakaupitia upya mwaka 2013. Kwa mwongozo huo, deni la nje ni jumla ya kile ambacho wakazi wa nchi wanadaiwa na wasio wakazi katika tarehe fulani, mradi kuna wajibu wa kulipa deni la msingi, au riba, au vyote viwili.

Kwa hiyo uraia hauhesabiwi, wala sarafu haihesabiwi. Muuguzi Mkenya aliyehamia Leeds na kununua hatifungani ya Serikali ya Kenya kwa shilingi ni mdai wa nje, pasipoti yake iwe ya rangi yoyote. Benki ya kigeni iliyosajiliwa Dar es Salaam ikiikopesha kampuni ya Arusha kwa dola, huo ni mkopo wa ndani, kwa sababu mkopeshaji na mkopaji wote ni wakazi wa Tanzania.

Hapa ndipo mtego wa kwanza unapotegwa. Hazina nyingi, ya Kenya ikiwa mojawapo, hupanga madeni kwa kuangalia soko ambako hati iliuzwa, si makazi ya aliyeinunua. Hatifungani ya miundombinu iliyouzwa Nairobi Februari 2024 iliwavutia wawekezaji wengi wa kigeni kwa riba yake iliyopita asilimia 18. Katika daftari la Hazina hilo ni deni la ndani lote. Kwa kipimo cha kimataifa, sehemu iliyo mikononi mwa wageni ni deni la nje. Hati ni ileile, na hesabu zote mbili ni sahihi kwa kanuni zake, lakini hazijumlishiki wala hazilinganishiki.

Kagua pia kilichoingizwa na kilichoachwa. Hisa haziingii, kwa sababu mwenye hisa haahidiwi kulipwa. Dhamana ya serikali kwa mkopo wa shirika haihesabiwi kuwa deni la serikali yenyewe hadi itakapolazimika kulipa, ingawa mkopo wa shirika hilo unahesabiwa kama kawaida. Mgawo wa haki maalumu za kuchukua fedha, ambao IMF huwapa wanachama wake, huingia kama deni la muda mrefu. Agosti 2021 IMF iligawa mgawo wenye thamani ya dola bilioni 650 kwa wanachama wake wote, na madeni ya nje ya nchi nyingi yakapanda mwaka huo bila waziri yeyote kusaini mkataba wa mkopo. Anayechora mchoro wa deni la nchi kutoka 2015 hadi 2023 bila kulijua hilo atamlaumu mtu asiyehusika.

Deni la taifa au deni la serikali?

Swali la pili ni la nani anayedaiwa. Jedwali la kimataifa huigawa nchi katika mafungu matano: serikali, benki kuu, mabenki ya kawaida, sekta nyingine (kampuni za biashara, mashirika na kaya), na mikopo kati ya kampuni mama na matawi yake chini ya uwekezaji wa moja kwa moja. Jumla ya mafungu yote matano ndiyo deni la nje la nchi. Serikali ni fungu moja tu.

Tanzania na Kenya zinaonyesha vizuri jinsi mambo yanavyochanganyika. Taarifa ya uchumi ya kila mwezi ya Benki Kuu ya Tanzania huweka katika deni la nje la taifa madeni ya serikali pamoja na ya sekta binafsi. Taarifa za deni za Hazina ya Kenya hushughulikia deni la umma: lile la serikali na lile ambalo serikali imelidhamini. Ukichukua namba ya kwanza kutoka Dodoma na ya pili kutoka Nairobi ukaziweka bega kwa bega, umeibebesha Tanzania mikopo ya migodi yake, kampuni zake za simu na mabenki yake, huku Kenya umeipunguzia mzigo wa aina hiyohiyo.

Desemba 2021 Spika wa Bunge la Tanzania wa wakati huo, Job Ndugai, alizungumzia hadharani deni lililofikia shilingi trilioni 70. Maneno yake yalizua mjadala mkali, na tarehe 6 Januari 2022 akatangaza kujiuzulu. Katika vita ile ya maneno, ni wachache waliouliza kama trilioni zinazotajwa ni za serikali au za taifa zima, za nje peke yake au za nje na ndani.

Japani nayo ni somo. Deni la serikali yake linazidi mara mbili ya pato la taifa, kiasi ambacho kwingine kingezua taharuki. Lakini sehemu kubwa ya deni hilo Wajapani wanadaiana wenyewe kwa wenyewe, na nchi kwa ujumla inawadai wengine zaidi ya inavyodaiwa. Wanaozungumzia deni la umma na wanaozungumzia deni la nje wanatazama mambo mawili yanayokutana sehemu tu.

Fungu la sekta binafsi lisipuuzwe kwa kuwa halina jina la waziri. Tangu Aprili 2023 Kenya imekuwa ikiagiza mafuta kwa mkopo wa miezi sita kutoka kampuni tatu za Ghuba zinazomilikiwa na serikali zao: Aramco ya Saudi Arabia, na ADNOC na ENOC za Falme za Kiarabu. Makubaliano yalifanywa kati ya serikali na serikali, ila wanaodaiwa bei ya shehena ni kampuni zinazoagiza na mabenki yanayozidhamini. Katika daftari la Hazina huwezi kuiona meli hata moja. Katika jedwali la mafungu matano, mahali pake ni kwenye mikopo ya biashara ya muda mfupi, na siku ya kulipa ikifika dola zinazotafutwa ni zilezile ambazo serikali nayo inazitafuta.

Namba inakotoka

Ukijua jinsi namba inavyopatikana, utajua inaweza kuharibika wapi.

Safari huanza kwenye mkataba. Mkopo wa serikali ukisainiwa, nakala hupelekwa kwenye kitengo cha deni, ambako masharti yake huingizwa katika programu ya kompyuta: kiasi, sarafu, riba, muda wa kusubiri kabla ya kuanza kulipa, na tarehe za kila awamu. Nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, Kenya na Tanzania zikiwemo, zilijenga daftari zao kwa programu ya CS-DRMS ya Sekretarieti ya jumuiya hiyo, ambayo mwaka 2019 ilileta mrithi wake aitwaye Meridian. Nchi nyingine hutumia DMFAS, programu ya UNCTAD.

Kusaini hakuzai deni, kwa maana deni huanza fedha zinapotolewa. Mkopo wa dola milioni 200 ambao zimekwishatolewa milioni 60 unahesabiwa milioni 60. Zilizobaki ni ahadi, na nchi nyingi hulipia ahadi hiyo ada. Vichwa vya habari vinavyojumlisha mikopo iliyosainiwa huikuza namba, wakati mwingine kwa kiasi kikubwa. Kosa la upande wa pili nalo lipo. Katika miradi mingi ya barabara na reli mkopeshaji humlipa mkandarasi moja kwa moja, na fedha hazipiti katika akaunti ya serikali hata siku moja. Kitengo cha deni husubiri taarifa kutoka kwa mkopeshaji au wizara yenye mradi, na taarifa ikichelewa, deni lipo ila daftari halijui.

Mikopo ya kampuni binafsi ina njia yake. Tanzania, mkopo wa nje wa zaidi ya siku 365 husajiliwa Benki Kuu na kupewa namba ya kumbukumbu ya deni, ambayo benki ya biashara huihitaji kabla ya kupeleka marejesho nje. Kwa yasiyosajiliwa, benki kuu na ofisi za takwimu hufanya tafiti kwa kuzipelekea kampuni madodoso. Kampuni isiyojibu hukadiriwa. Ndiyo maana fungu la sekta binafsi huwa na marekebisho mengi kuliko la serikali, na namba ya mwaka jana inaweza kubadilika mwaka huu bila mtu kukopa senti.

Kutoka hapo data huelekea Washington. Tangu 1951 Benki ya Dunia ina mfumo wa kupokea taarifa za wadeni, na nchi inayokopa kwake inawajibika kuripoti mkopo mmoja mmoja wa serikali na ule uliodhaminiwa na serikali: mikopo mipya kila robo mwaka, hali ya mikopo yote kila mwaka. Kutokana na mfumo huo hutoka ripoti ya kila mwaka ya madeni ya nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hesabu yake, nchi hizo zilidaiwa dola trilioni 8.8 mwishoni mwa 2023, na mwaka huo zililipa trilioni 1.4 za kuhudumia deni, riba ikiwa bilioni 406. Kuna pia hifadhidata ya robo mwaka, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Benki ya Dunia pamoja na IMF, ambayo inazijumuisha nchi tajiri. Luxembourg utaikuta kwenye hifadhidata hii ya pili, na kwenye ile ripoti ya kwanza hutaiona kabisa.

Tarehe na sarafu

Mwaka wa fedha wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda huishia Juni 30. Kongo hufunga hesabu zake Desemba 31, na Benki ya Dunia hutumia Desemba kwa wote. Miezi sita inatosha kutolewa hatifungani moja ya kimataifa, au kuanguka kwa sarafu. Kabla ya kulinganisha, zipeleke namba zote kwenye tarehe moja.

Kisha uliza sarafu. Mikopo ya nje huwa ya dola, yuro, yeni, yuani na zile haki maalumu za IMF za kuchukua fedha, na katika jedwali lazima yote igeuzwe kuwa sarafu moja kwa bei ya siku ya kufunga hesabu. Januari 2024 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa karibu shilingi 160 za Kenya. Miezi michache baadaye ilishuka hadi 130 hivi. Chukua hatifungani ya dola bilioni 2 ambayo Kenya iliiuza mwaka 2014 na iliyotakiwa kulipwa Juni 2024. Kwa bei ya Januari ilikuwa sawa na shilingi bilioni 320, na kwa bei ya baadaye bilioni 260. Bilioni 60 za tofauti hazikulipwa na mtu wala hazikusamehewa. Mwanasiasa anayejisifu kwamba amepunguza deni, au anayelaumiwa kwamba ameliongeza, aulizwe kwanza ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kimetokana na bei ya dola. Ukitaka kujua kama nchi imekopa zaidi, fuata deni la nje kwa dola. Ukitaka kujua mlipa kodi amebebeshwa nini, fuata la shilingi.

Mkopo wa bure nusu na mkopo wa soko

Hatifungani hiyo ya 2014 ina somo jingine. Ilikuwa na riba ya asilimia 6.875. Februari 2024 Kenya iliuza nyingine ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, na fedha hizo zikatumika kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Kiwango cha deni katika jedwali hakikutikisika sana. Gharama ya kulibeba ilipanda.

Jumla ya deni haisemi masharti. Mkopo wa kawaida wa IDA, dirisha la Benki ya Dunia kwa nchi maskini, umekuwa wa miaka 38, sita ya mwanzo bila marejesho ya deni la msingi, na ada ya asilimia 0.75. Ukiyapiga malipo yote ya mkopo kama huo kwa thamani ya sasa, kwa kiwango cha asilimia 5 kinachotumiwa na IMF na Benki ya Dunia, dola 100 zilizokopwa zina uzito wa dola 50 hivi. Dola 100 za hatifungani ya riba ya asilimia 9.75 zina uzito wa zaidi ya 100. Nchi mbili zenye deni sawa katika jedwali zinaweza kuwa mbali kabisa, moja ikiwa imekopa IDA na nyingine sokoni.

Kwa sababu hiyo wataalamu hutumia thamani ya sasa. Kigezo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwenye itifaki ya umoja wa fedha ya mwaka 2013, kinataka deni la umma lisizidi asilimia 50 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa. Kenya ilikuwa na ukomo wa kiasi kilichotajwa kwa shilingi: trilioni 9, halafu trilioni 10. Mwaka 2023 ikahamia asilimia 55 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa, na ruhusa ya kuyumba kwa asilimia 5. Msomaji akisikia asilimia, aulize ni ya deni lililoandikwa au ya thamani ya sasa, kwani kwa nchi iliyokopa kwa masharti nafuu pengo ni kubwa.

Unagawanya kwa nini?

Uwiano wa deni kwa pato la taifa ndio unaotajwa sana, na ndio unaoweza kubadilika ukiwa umelala. Septemba 2014 Kenya ilisahihisha mwaka wa msingi wa hesabu za pato lake, na uchumi ukaonekana mkubwa kwa asilimia 25. Nigeria, Aprili ya mwaka huohuo, iliongeza asilimia 89. Mzigo wa deni ukashuka kwa kalamu ya ofisi ya takwimu. Uchumi haukukua usiku mmoja. Ulikuwa umepimwa pungufu kwa miaka mingi. Lakini anayelinganisha 2013 na 2015 kwa vitabu viwili tofauti hupata hitimisho lisilo na miguu.

Deni la nje hulipwa kwa fedha za kigeni, na serikali hulipa kwa kodi. Hivyo mizani ya IMF na Benki ya Dunia kwa nchi za kipato cha chini huangalia zaidi ya pato la taifa. Kwa nchi yenye uwezo wa wastani wa kubeba deni, vizingiti vya deni la nje la umma ni hivi: thamani ya sasa isizidi asilimia 40 ya pato la taifa wala asilimia 180 ya mauzo ya nje, na malipo ya mwaka yasizidi asilimia 15 ya mauzo ya nje wala asilimia 18 ya mapato ya serikali. Nchi yenye uwezo dhaifu hupewa vizingiti vya chini, na yenye uwezo mkubwa hupewa vya juu. Waziri anapotamka kwamba deni ni himilivu, anarejea tathmini ya aina hii. Swali la kumuuliza ni kizingiti kipi kati ya hivyo kiko karibu kuvukwa, maana nchi inaweza kuwa salama kwa pato la taifa huku ikibanwa vibaya na mauzo ya nje.

Madeni yasiyoonekana

Daftari zuri halisaidii kama mkataba haukufika. Aprili 2016 ulimwengu uligundua kwamba kampuni mbili za Msumbiji, ProIndicus na MAM, zilikuwa zimekopa dola milioni 622 na milioni 535 kutoka mabenki ya Credit Suisse na VTB, kwa dhamana ya serikali ambayo Bunge halikuidhinisha na IMF haikuambiwa. IMF ilisitisha mpango wake, wafadhili wakasimamisha misaada ya bajeti, na sarafu ya metikali ikaporomoka. Waziri wa Fedha aliyesaini dhamana, Manuel Chang, alitiwa hatiani na mahakama ya New York Agosti 2024. Safu ya mikopo iliyodhaminiwa na serikali ilikuwepo katika fomu za Benki ya Dunia muda wote huo. Hakuna aliyeijaza.

Senegal ni ya karibuni zaidi. Februari 2025 Mahakama ya Hesabu ya nchi hiyo ilitoa ripoti kwamba deni la serikali kuu mwishoni mwa 2023 lilikuwa asilimia 99.67 ya pato la taifa, wakati lililotangazwa awali lilikuwa asilimia 74.41. Majedwali yaliyochapishwa kabla ya hapo, na makala zilizoisifu Senegal kwa majedwali hayo, yote yalisimama juu ya msingi usiokuwepo.

Mara nyingine kinachofichika ni aina ya deni. Mkataba wa Kongo na kampuni za Kichina, uliozaa kampuni ya ubia ya Sicomines mwaka 2008, ulikuwa wa dola bilioni 9: bilioni 6 za miundombinu na 3 za mgodi, kulipwa kwa shaba na kobalti. Je, huo ni uwekezaji au mkopo? Kwa kuwa kulikuwa na dhamana ya serikali, IMF na wadai wengine waliuona kama deni jipya la nchi iliyokuwa ikiomba kusamehewa madeni ya zamani. Mwaka 2009 miundombinu ikapunguzwa hadi bilioni 3 na dhamana ikalegezwa, na Julai 2010 Kongo ikapata msamaha wa dola bilioni 12.3.

Dawa mojawapo ni kumuuliza mkopeshaji. BIS hukusanya taarifa kutoka kwa mabenki ya nchi kubwa kuhusu waliokopeshwa katika kila nchi, na mwaka 2006 mashirika manne yaliunganisha takwimu za wadai na za wadeni mahali pamoja ili pengo lionekane. Ila mdai asiyetoa taarifa hawezi kuulizwa. Uchunguzi wa mikataba 100 ya wakopeshaji wa China, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta vifungu vya usiri katika mingi yake, na mwaka huohuo kituo cha utafiti cha AidData nchini Marekani kilikadiria kwamba madeni ya dola bilioni 385 kwa China hayakuripotiwa Benki ya Dunia. Hayo ni makadirio, na mengi kati ya madeni hayo ni ya mashirika ya umma na kampuni za miradi, si ya Hazina. Yasomwe hivyo.

Ukiwa na jedwali mbele yako

Chagua chanzo kimoja kwa nchi zote unazolinganisha, hata kama chanzo cha nyumbani kina namba mpya zaidi. Kwa nchi za Afrika Mashariki, ripoti ya madeni ya Benki ya Dunia inatosha, na hupatikana bure mtandaoni pamoja na mchanganuo wa wadai. Ukitaka kuziingiza nchi tajiri, tumia hifadhidata ya robo mwaka. Namba za Benki Kuu na Hazina zihifadhi kwa kuifuata nchi moja mwaka hadi mwaka.

Andika pembeni ya kila namba mambo sita: nani anadaiwa, anadaiwa na nani, tarehe, sarafu, kama ni deni lililoandikwa au thamani ya sasa, na kama ni fedha zilizotolewa au zilizosainiwa. Moja likikosekana, usilinganishe hadi ulipate. Kisha soma maelezo madogo chini ya jedwali, maana mabadiliko ya fasili hutangazwa huko. Mwisho, fungua ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali wa nchi husika uone dhamana zilizotolewa kwa mashirika ya umma na malimbikizo yasiyolipwa. Malimbikizo hukua kimyakimya: mwaka 2013 Brazil ilipotangaza kuifutia Tanzania deni la dola milioni 237, lilikuwa ni deni la barabara ya Morogoro hadi Dodoma, lililovimba kwa riba ya zaidi ya miongo mitatu.

Na wabunge, ambao ndio wenye haki ya kuomba nyaraka kwa niaba ya wengine, wasiridhike na jumla ya trilioni inayosomwa siku ya bajeti. Waombe orodha ya mikopo mmoja mmoja, pamoja na iliyodhaminiwa, yenye riba na tarehe za kulipa. Orodha hiyo ipo tayari katika kompyuta za kitengo cha deni, na ya serikali hupelekwa Benki ya Dunia kila mwaka.